Dazeni ni kumi na mbili, fungu ni ngapi?

Kila Januari, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, maduka ya vifaa vya shule pale Mbagala Rangi Tatu hufurika. Mzazi anaingia na karatasi mkononi, na kwenye karatasi hiyo kuna vitu kama hivi: madaftari dazeni moja, kaunta buku kwaya mbili, rimu moja ya karatasi. Hebu yasome tena. Dazeni, kwaya, rimu. Ni maneno matatu ya kuhesabia, yote yametufikia kupitia Kiingereza, na muuzaji anayaelewa bila kuuliza.

Sasa toka dukani, vuka barabara, nenda kwenye genge. Maneno yanabadilika. Hapa utasikia fungu, sado, debe, "nipe za jero". Tofauti ya kwanza ni ya lugha, lakini ipo nyingine kubwa zaidi. Muuza madaftari hawezi kukuuzia dazeni ndogo. Akikupa madaftari kumi na moja amekuibia, na hata mtoto wa darasa la pili atamkamata. Muuza nyanya anaweza kukupa fungu dogo leo na fungu kubwa kesho, na yote mawili yakawa mafungu halali kabisa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini iko hivyo. Nadhani historia ya neno dazeni inasaidia kujibu, kwa hiyo tuanze nalo.

Kiingereza chenyewe kililiazima kwa Wafaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa Wafaransa *douze* ni kumi na mbili na *douzaine* ni kundi la vitu kumi na viwili, na nyuma ya yote hayo kuna Kilatini *duodecim*, yaani mbili-na-kumi. Kwa hiyo ukilifungua neno mpaka ndani kabisa unakuta kitu kilekile tunachosema sisi, ila wao waliitanguliza mbili. Kiingereza kikalipeleka India, ambako kwa Kihindi likawa *darjan*. Huku kwetu likawa dazeni, na wengine huandika darzeni.

Kwa nini kumi na mbili, wakati binadamu ana vidole kumi? Jibu liko kwenye kugawa. Kumi inagawanyika sawasawa kwa 2 na 5 tu. Kumi na mbili inagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. Mfanyabiashara anayetaka kuuza nusu, robo au theluthi ya mzigo hahitaji kuvunja kitu. Na ukitaka kupanga vikombe kwenye boksi, 12 vinakaa vizuri, safu tatu za vinne au mbili za sita. Kumi utapata safu mbili za tano, boksi refu kama jeneza. Hata vidole havina shida sana na 12: tumia kidole gumba kuhesabu pingili za vidole vinne vilivyobaki, tatu kwa kila kimoja, na mkono mmoja unakufikisha hapo. Kuna sehemu za Asia watu wamehesabu hivyo tangu zamani.

Waingereza walikuwa na sababu ya ziada, nayo ilikuwa pesa. Mpaka Februari 1971 shilingi yao ilikuwa na peni 12. Kitu cha peni moja, dazeni yake ni shilingi moja, basi. Muuzaji hakuhitaji kalamu. Lakini shilingi ya Afrika Mashariki, ile waliyotuletea wao wenyewe mwaka 1921, ilikuwa na senti 100. Jaribu kugawanya 100 kwa 12 uone: 8.33 na threenthree zisizoisha. Yaani Waingereza walituletea dazeni, lakini ile pesa iliyofanya dazeni iwe rahisi wakaiacha kwao. Neno likaishi hapa bila mguu wake mmoja, na bado likaishi.

Wala halikukuta nyumba tupu. Kiswahili tayari kilikuwa na kumi na mbili, na watu wa pwani walikuwa pia na thenashara, iliyotoka Kiarabu. Na saa zetu tunazihesabu mafungu mawili ya kumi na mbili, moja ya mchana na moja ya usiku, bila msaada wa Mwingereza. Kwenye biashara kulikuwa na maneno ya vifurushi pia. Mbagala iko kwenye Barabara ya Kilwa, njia ya kwenda Mkuranga na Rufiji, na delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko nchini. Miti ya kujengea kutoka kule, fito, pau, boriti na nguzo, ilisafirishwa kwa majahazi mpaka Dar es Salaam, Unguja na Uarabuni, na hesabu yake haikuwa dazeni. Ilikuwa korija: miti ishirini. Neno hilo lilizunguka Bahari ya Hindi nzima. Wareno walilitumia, wafanyabiashara wa India pia. Nguo zilikuwa na doti, neno jingine la kutoka India. Kwenye biashara ya misafara ya karne ya 19, shuka moja ilikuwa mikono minne na doti ilikuwa mikono minane, mkono ukiwa ni kuanzia kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole. Leo doti imebaki kwenye kanga, vipande viwili. Viatu vyetu ni jozi, kutoka Kiarabu, au pea, kutoka Kiingereza, na pea imeshatanuka mpaka unasikia mtu ana "nguo pea tatu" akimaanisha suruali na shati lake.

Kwa hiyo kwa vitu viwili tu tuna maneno matatu kutoka mabara mawili. Pwani ndivyo ilivyo.

Kilichoipa dazeni nguvu ya kushinda korija ni kiwanda. Vitu vilivyoingia kwa wingi madukani, vikombe, sahani, glasi, vijiko, soksi, penseli, vilifungwa kumi na mbili tangu vinatoka kule. Aliyeagiza mzigo aliagiza dazeni, aliyenunua jumla Kariakoo akanunua dazeni, na mwenye duka Mbagala akaja nayo. Neno lilisafiri ndani ya boksi. Pale ambapo boksi lilikuwa na umbo lingine, neno halikuingia. Mwingereza kitu cha kwanza atakachokuhesabia kwa dazeni ni mayai. Sisi mayai tunayanunua kwa trei, na trei ni mayai 30. Mtu akiingia kwa Mangi na kuomba dazeni ya mayai ataeleweka, ila ataangaliwa kidogo.

Lakini mimi nadhani kuna sababu nyingine iliyolisaidia neno, na hii ni ya kisarufi. Kumi na mbili inahangaika na ngeli. Madaftari kumi na mawili. Vikombe kumi na viwili. Michungwa kumi na miwili. Kalamu kumi na mbili. Dazeni haijali. Madaftari dazeni, vikombe dazeni, soksi dazeni, na hakuna atakayekucheka. Kwa soko lenye watu kutoka Lindi, Mtwara, Kigoma na Moshi, ambao wengine Kiswahili chao ni cha pili, hiyo ni nafuu kubwa.

Angalia pia kwamba dazeni si jina jingine la namba 12. Huwezi kusema mtoto wako ana umri wa dazeni, au tukutane saa dazeni. Ni jina la kifurushi. Ndiyo maana ina nusu yake, nusu dazeni, ambayo ni jina la kifurushi kidogo. Siyo kila mtu anayesema nusu dazeni anafikiria namba sita. Anafikiria seti ya glasi.

Kwa Kiingereza neno hili lina tabia ya pili. Ukiliongezea wingi, *dozens*, linaacha kuhesabu. Mwandishi wa habari akisema *dozens* ya watu wameumia hana maana ya 24 wala 36. Anamaanisha wengi, ila si mamia. Watangazaji wetu wakitafsiri habari hiyo husema makumi ya watu. Ukipiga hesabu kwa ukali, wamebadilisha 12 kuwa 10. Lakini hawajakosea, kwa sababu maneno yote mawili yameshavua namba zake na kuvaa maana ya "wengi". Makumi ni Kiswahili kizuri hapo, na mimi naona bora kuliko madazeni.

Sasa, je, dazeni haikuwahi kuchezewa? Iliwahi. Waingereza wana msemo wa dazeni ya mwoka mikate, ambayo ni 13. Mwaka 1266, wakati wa Mfalme Henry III, walikuwa na sheria iliyosimamia uzito na bei ya mkate, na mwoka mikate aliyepunja aliadhibiwa. Tanuri la zamani halikutoa mikate yenye uzito sawa, kwa hiyo maelezo yanayosimuliwa sana ni kwamba waokaji waliongeza mkate wa 13 kwa uoga. Maelezo mengine ni kwamba ule wa 13 ulikuwa faida ya mchuuzi aliyekwenda kuuza rejareja. Kwa vyovyote, ona walichofanya: hawakusema dazeni sasa ni 13. Waliacha dazeni mahali pake na kuweka nyongeza juu yake, na nyongeza ile ikaonekana. Nani kati yetu hajasema "basi niongezee"?

Rimu ndiyo ilibadilika kweli. Neno hili lina safari nzuri kuliko yote: Kiarabu *rizma*, kifurushi, likapita Hispania na Ufaransa, likafika Uingereza, kisha likaja Tanzania likiwa limevaa suti ya Kiingereza, wakati maneno mengi ya Kiarabu yalitufikia moja kwa moja kwa jahazi. Rimu ya zamani ilikuwa karatasi 480. Ya leo, hiyo unayopeleka shuleni, ni 500. Kwa nini 480? Kwa sababu rimu ni kwaya ishirini, na kwaya ilikuwa karatasi 24, dazeni mbili. Biashara ya karatasi duniani ikaja kuihamisha kwaya kutoka 24 kwenda 25, na 25 mara 20 ndiyo 500.

Hapa kuna kitu nilikifurahia sana. Chukua kaunta buku ya kwaya mbili (hii kwaya haina uhusiano na ile ya kanisani, ni matamshi tu yamegongana) na uangalie jaladani. Imeandikwa kurasa 192. Ya kwaya tatu ni 288. Gawanya: kila kwaya ni kurasa 96. Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa majani mawili, na kila jani lina kurasa mbili, kwa hiyo 96 gawanya kwa nne ni 24. Kwaya ya zamani! Kaunta buku inayouzwa Mbagala imetunza hesabu ambayo rimu iliyo rafu ya juu yake imeshaiacha. Wala hakuna aliyepunjwa, maana idadi imeandikwa, na mwenye muda anaweza kuketi akahesabu.

Baada ya uhuru tuliachana na ratili, paini na galoni tukaingia kwenye kilo na lita. Dazeni haikuguswa, na haikuwa na sababu ya kuguswa. Vipimo vya metriki vinapima uzito, urefu na ujazo. Kuhesabu si kupima. Kuhesabu kunahitaji macho tu, na mnunuzi ana macho kama ya muuzaji.

Hapo ndipo turudi kwenye genge.

Fungu linafanya kazi kinyume cha dazeni. Kwenye dazeni idadi imesimama na bei inatembea. Madaftari yakipanda, unaambiwa bei mpya, unalalamika, unajua umeongezewa shilingi ngapi. Kwenye fungu bei ndiyo imesimama, na nyanya ndizo zinatembea. Tuseme fungu la jero lilikuwa na nyanya sita. Zikaadimika, likawa na tano. Mvua ikaharibu barabara, likawa na nne. Bado linaitwa fungu la jero. Bei imepanda kwa nusu nzima, maana kila nyanya imetoka kama shilingi 83 ikafika 125, na hakuna aliyetamka neno bei. Ndiyo maana mtu anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kwamba nyanya hazijapanda.

Usinielewe vibaya, sina ugomvi na mama wa genge. Fungu linamsaidia mwenye jero asiyeweza kununua kilo, na Mbagala wenye jero ni wengi. Isitoshe, yeye mwenyewe amenunua kwa tenga alfajiri, nyanya nzuri zikiwa juu, za chini akija kuziona akishafika nyumbani. Neno alilonunulia ni lilegevu kuliko lile analouzia.

Debe nalo ni hivyohivyo. Neno ni la Kihindi, na chombo kilikuwa bati la mafuta ya taa, galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Bati lile lilikuwa kipimo kizuri kwa sababu yalitoka kiwandani yakiwa sawa. Leo wengi wanaita debe hata ile ndoo ya plastiki ya lita 20. Lita mbili zimeongezeka kimyakimya, na bado hujajaza kilele juu ya mdomo. Anayepanga kilele kiwe kirefu kiasi gani ni yule asiye na haraka ya kuuza.

Sasa panda na mimi mpaka shambani, Njombe au Iringa, kwenye viazi vinavyokuja kuuzwa Temeke Stereo. Hapo neno ni gunia, na gunia likaota kichwa: lumbesa. Gunia linajazwa, halafu juu yake unashonwa wavu au kipande cha gunia jingine, na viazi vinaendelea kuingia. Bei ni ya gunia moja. Tuseme lina kilo 130. Mkulima amelipwa gunia, ametoa gunia na karibu theluthi. Sheria ya Vipimo ipo, Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, na umekuwa ukirudia kwamba gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lakini shambani mara nyingi mizani haipo, na mwenye gari ndiye mwenye gunia. Mkulima akisema "hili limezidi", jibu ni kwamba kijiji jirani wanajaza hivihivi.

Kisha viazi hivyohivyo vinafika mjini, na vikishuka tu kwenye lori vinabadilishiwa neno. Havisemwi tena kwa gunia. Vinakuwa sado, vinakuwa kilo, vinakuwa fungu. Vimenunuliwa kwa neno linalovimba na vinauzwa kwa neno linalosinyaa. Ukitaka kujua faida imetoka wapi, sehemu yake iko kwenye kamusi.

Na siyo viazi tu. Ukitoka Mbagala kuelekea Charambe, Chamazi na mbele zaidi mpaka Mkuranga, kuna watu wananunua viwanja kwa hatua. Hatua ishirini kwa ishirini, unaambiwa, na mnatembea pamoja kwenye nyasi huku mtu akihesabu kwa sauti. Piga hesabu nami. Hatua ya sentimita 75 inakupa mita 15 kwa 15, mita za mraba 225. Hatua ya sentimita 90 inakupa 18 kwa 18, mita za mraba 324. Tofauti ni karibu mita za mraba 99, ambayo ni nyumba ndogo ya vyumba viwili na uwanja wa kuanikia nguo. Namba ishirini ni ileile, imehesabiwa kwa usahihi kabisa, na wote mmesikia. Hesabu haikukosea. Kilichohesabiwa ndicho hakikuwa na kipimo.

Mwenye kuuza anapenda kutembea mwenyewe. Mwenye kununua, kama ameshaonywa, anakuja na fundi na futi kamba. Hilo nalo neno la kutazama: futi imetoka kwa Mwingereza, kamba ni yetu, na kwenye utepe wenyewe upande mmoja una inchi na wa pili una sentimita. Muuzaji atasema, "Sisi huku tunatumia hatua." Hapo ndipo mauziano mengi yanaposimama kwa muda, watu wanaangaliana, kisha mmoja anakubali. Karatasi inaandikwa mbele ya mashahidi: kiwanja cha hatua 20 kwa 20. Hatua za nani, karatasi haisemi.